Jamvi Nililolikataa

Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuja hapa Rahaleo na simu mkononi, akanionyesha picha ya gari. Amepata uhamisho wa kazi, anakwenda Dodoma na mkewe na mtoto wao mchanga, na tayari amepata watu wa kumbebea vyombo. Gari jeupe, linang'aa, ubavuni limechorwa nyumba yenye miguu inakimbia. "Babu, hawa ndio wenyewe," akaniambia. Nikamuuliza, jana gari hilo lilibeba nini? Akacheka. Nikamwona anamtazama mkewe, yaani mzee ameanza kuchanganyikiwa.

Sijachanganyikiwa. Nina akili zangu timamu, na laiti zingepungua kidogo ningelala vizuri zaidi. Basi nimeona niseme naye, na nyinyi wenzake mnaohama kila mwaka, maana mnachagua watu wa kuwabebea maisha yenu kwa kutazama rangi.

Kazi ya kuhamisha watu niliifanya hapa Mtwara toka uhuru ukiwa bado mbichi mpaka katikati ya miaka ya sabini. Tajiri wetu alikuwa na malori matatu. Hatukuitwa kampuni, tuliitwa watu wa gari. Mtu akitaka kuhama alikuja uwanjani kwetu karibu na soko, akatazama magari, akatutazama na sisi, akachagua. Mimi nilikuwa mpangaji. Dereva anaendesha, makuli wanabeba, mpangaji anasimama juu ya gari na kusema kabati hapa, kitanda pale, kinu chini. Chombo kikivunjika, mpangaji ndiye anayetazamwa. Na mimi, bila kujisifu, au tuseme kwa kujisifu, maana ndiko kulikoniponza, nilikuwa sivunji.

Aliyenifundisha ni Mzee Chitanda, Mmakonde wa Newala, mfupi, mwenye chale usoni na mdomo mchafu kuliko mtu yeyote niliyepata kufanya naye kazi. Mwezi wangu wa kwanza nililaza kioo cha kabati la karani mmoja juu ya magodoro, nikadhani nimefanya la maana. Tulipofika Mikindani kioo kilikuwa vipande. Mzee Chitanda akaniuliza, "Wewe ukilazwa chali kwenye barabara hii mgongo hauumi? Kioo kinasimama. Utakilaza siku kikifa." Basi toka siku ile vioo vyangu vyote vilisimama, katikati ya magodoro mawili, vimefungwa kwa kamba ya katani isiyokaza sana. Safari nyingine nilimfunga kuku wa bibi mmoja chini ya kitanda, tukafika Lindi bibi anamkuta ametaga ndani ya kiatu cha marehemu mumewe. Bibi akalia na kucheka kwa pamoja. Mimi sikujua nimuombe radhi au nimpongeze.

Safari ya Dar es Salaam ilikuwa habari nyingine. Masika Rufiji ikifurika mlikaa upande huu wiki nzima, na mwenye vyombo alianza kufungua mizigo yake mwenyewe, leo sufuria, kesho godoro, mpaka mnavuka gari limeshakuwa nyumba. Kwa hiyo anayekwenda mbali asiulize gari lina kasi gani. Aulize mara ya mwisho barabara ilipokatika vyombo vililala wapi. Na aombe kuingia chini ya turubai mchana kweupe, atazame juu. Akiona jua kwenye matundu aseme asante, aende zake.

Lakini somo kubwa la Mzee Chitanda halikuwa kioo wala turubai. Kila mzigo ukishashuka alitufungulisha mbao za chini za gari, zote, tukazipiga brashi kwa maji na sabuni ya magadi, gari likabaki wazi juani hadi likauke. Tumebeba chumvi, tumebeba korosho, tumebeba vitabu vya shule, kwake ilikuwa mamoja. Tulimnung'unikia sana. Siku moja nikamwambia, "Mzee, hivi vitabu navyo vina uchafu gani?" Akanijibu kwamba mwenye vyombo hajui jana tulibeba nini, sisi ndio tunajua, kwa hiyo kuosha ni juu yetu. Halafu akanitukana tusi nisiloweza kuliandika. Mgongo ulipomshinda akarudi kwao Newala, na mimi nikashika nafasi yake.

Mwaka wenyewe siutaji. Ng'ambo ya Ruvuma vita vilikuwa bado vinapiganwa, na huku kwetu ulikuwa mwezi wa kumi, msimu wa korosho umeanza. Jumanne tulitumwa kupeleka dawa kwenye shamba moja la mkonge. Ilikuwa dawa ya unga ya kuua wadudu, imo kwenye mifuko ya karatasi nene yenye picha ya fuvu. Mifuko mitatu ilipasuka njiani. Msimamizi wa shamba alituambia tufunge vitambaa puani tukishusha, na tuoge kabla ya kula. Tulioga. Gari halikuoga.

Nilitaka kuliosha, hilo nalisema ingawa halinisaidii kitu. Lakini Jumatano asubuhi tajiri alileta fundi wake wa rangi, gari likapakwa kijani nje, kijivu ndani ya ubavu, na jina lake likaandikwa ubavuni kwa manjano. Nilipochukua ndoo akaniwakia. "Rangi haijakauka, wewe unamwaga maji? Nitakufukuza kazi." Basi nikafagia. Nikafagia vizuri kabisa, kwa fagio la chelewa, mpaka mbao zikaonekana safi. Kwenye nafasi za katikati ya mbao nilipitisha kijiti. Nikajiambia yatosha.

Alhamisi akaja Bi Zuhura.

Alikuwa mwanamke wa Likombe, umri kama wangu wakati ule, thelathini na kidogo. Mumewe alikuwa kuli wa bandarini, akaugua kifua akafariki, na Bi Zuhura alikuwa ndiyo kwanza ametoka eda. Alikuwa na watoto watatu, wasichana wawili na wa mwisho wa kiume, Bakari, wa miaka minne. Kaka yake aliyeitwa Hamisi, mwenye mikorosho Nanyamba, alikuwa amemwita akakae kwake. Nyumba ya Likombe akaifunga kwa kufuli, akaja kutafuta gari.

Na yule mama alijua kuchagua. Nimeona mabwana wakubwa wenye kalamu mfukoni wakichagua gari kwa ukubwa wa honi. Yeye alianza kwa lori la jirani yetu, akapanda kwenye gurudumu, akaingiza kichwa ndani, akanusa, akashuka. Lile lilikuwa limebeba samaki wakavu. Akaja kwetu. Kwetu palinukia rangi tu. Akashika kamba, akaivuta. Akagusa turubai. Kisha akaniuliza swali ambalo katika miaka yangu yote ya kazi ni watu wachache sana waliniuliza.

"Kaka, gari hili jana na juzi lilibeba nini?"

Mfaume, dereva wetu, alikuwa amesimama pembeni yangu. Mimi ndiye niliyesema.

"Saruji," nikamwambia. "Ya bandarini. Na nimelifagia mwenyewe."

"Nauliza kwa sababu nina makopa."

"Hata kama una unga, dada. Leta."

Ukiniuliza kwa nini nilidanganya, nimekaa na swali hilo miaka mingi kuliko umri wako. Sikumdanganya ili nimuue mtu. Nilimdanganya kwa sababu nilishafagia, na kwa sababu niliona akisikia dawa atakwenda kwa mwingine, na mimi ndiye mpangaji asiyevunja. Uongo wenyewe ulitoka bila hata kufikiri. Hicho ndicho kinachonitia aibu zaidi.

Makopa, kwa nyinyi mliokulia kwenye mkate, ni muhogo uliomenywa na kukaushwa. Na muhogo wa Bi Zuhura ulikuwa ule mchungu, ambao usipoushughulikia vizuri unaua. Kila mtu hapa kwetu anajua hilo. Ndiyo maana mwanamke anayejua kuutengeneza anaheshimiwa, na Likombe nzima walikuwa wanakwenda kwa Bi Zuhura. Anamenya, analoweka, anaanika, anahesabu siku za jua. Alikuwa na rundo la kulisha nyumba miezi mingi, ndio mchango wake kwa kaka yake, asionekane amekwenda kula bure. Ila hakuwa na magunia. Mwezi wa kumi magunia yote yako kwenye korosho.

Tukakubaliana tuyamwage makopa kwenye sakafu ya gari, vyombo vikae juu. Yeye akatoa jamvi. Jamvi kubwa, jipya, la ukili mnene. Akataka kulitandika kwanza.

"Hapana, dada," nikamwambia. "Jamvi linateleza. Gari likipanda kilima mzigo wote unarudi nyuma."

"Nitalifunga pembe nne."

"Dada, niachie kazi yangu. Mbao ni safi, si umeziona?"

Akasita. Nakumbuka alilishika lile jamvi kifuani kama mtu anayetaka kusema neno jingine. Kisha akalikunja, akampa binti yake mkubwa alishike. Mimi nilikuwa fundi, na fundi ameshasema.

Wacha nieleze na ufundi wenyewe, maana nilikuwa naringa nao. Makopa yalipojaa chini kiasi cha goti, nilichimba vishimo humo, nikafukia vikombe, sahani, taa ya chemni, hata birika la kaure alilopewa siku ya harusi. Vyote vikalala humo haviguswi na kitu. Hakuna aliyenifundisha hilo, nililibuni mwenyewe siku ile ile. Barabara ya Nanyamba wakati huo ilikuwa mashimo matupu na mchanga, Mfaume akiiendesha kwa hasira zake za kawaida. Tulipofika tukafukua chombo kimoja kimoja. Hakikuvunjika hata kikombe. Hamisi, kaka mtu, alinipa mkono kwa furaha. Bi Zuhura akasema, "Nikihama tena nitakutafuta wewe." Makopa tukayapiga koleo mpaka kwenye chumba cha akiba, na yale yaliyokuwa chini kabisa garini yakashuka mwisho, yakakaa juu ya rundo.

Baada ya wiki mbili nilirudi Nanyamba kuchukua korosho. Nikaingia dukani kununua sigara, nikasikia wanaume wawili wanazungumza juu ya yule mama wa Mtwara aliyewalisha watu makopa mabaya. Nikauliza, mama gani? Wakanieleza kwa upole tu, habari haikuwa mpya tena kwao. Siku ya pili baada ya kuhamia alitwanga makopa, akapika ugali wa mchana kwa nyumba nzima. Kabla ya alasiri watu wanatapika, mate yanawatoka, wanatetemeka. Wakubwa walipona. Walikufa wawili, Bakari wake, na Asha, mtoto wa Hamisi wa miaka saba. Walizikwa jioni ile ile. Makopa yaliyobaki yalitupwa shimoni, na kuku walioyadonoa walikufa pia. Mganga wa zahanati aliuliza wamekula nini, akaambiwa makopa ya muhogo mchungu, akasema basi ndiyo hayo. Hakukuwa na haja ya kuuliza zaidi. Kila mtu alijua muhogo mchungu unafanya nini.

"Anajidai fundi wa makopa," mmoja akasema. "Fundi gani huyo."

Mimi ni mpangaji. Sikuhitaji mganga. Cha chini garini kilishuka mwisho, kikakaa juu, kikatwangwa kwanza. Niliona mbele ya macho yangu zile nafasi za katikati ya mbao nilizopitisha kijiti, nikatoka nje ya duka bila kuchukua sigara.

Nilimwambia Mfaume tukiwa njiani kurudi. Akasimamisha gari. "Kuna daktari amesema ni dawa?" akaniuliza. Nikasema hapana. "Wewe daktari?" Hapana. "Basi nyamaza. Ukisema tunafungwa mimi na wewe, tajiri anaajiri wengine kesho asubuhi, na wale watoto hawarudi." Mfaume hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto watano na mama kipofu. Na mimi niliogopa. Sitafuti neno jingine. Niliogopa jela, nikaogopa na kutazamwa.

Nikanyamaza miezi minne. Katika miezi hiyo niliosha gari kila siku. Nilifungua mbao zote, nikazipiga brashi, nikazichemshia maji, tajiri akanicheka kwamba nataka kuoa gari. Na mara mbili au tatu nilipita Nanyamba kuchukua korosho, nikamwona Bi Zuhura kwa mbali, amebeba ndoo, anapita njia ya nyuma ya nyumba ili asikutane na wanawake wenzake kisimani. Nikajificha nyuma ya magunia.

Wakati wa mvua karani wa korosho akatuletea ujumbe. Bi Zuhura anarudi Likombe, anataka gari. Karani akaongeza, "Amesema anataka wale wale waliompeleka. Nilimwambia kuna magari ya karibu, amekataa."

Tajiri akatutuma. Singeweza kusema siendi bila kusema kwa nini.

Tulifika kama saa tano za asubuhi. Vyombo vilikuwa vimeshatolewa nje, vimewekwa kwenye uwanja, juu ya matope. Kitanda, kabati, kinu, sanduku, na kapu la vikombe. Hakukuwa na chakula hata kidogo. Hamisi alikuwa amekaa barazani kwake, hakusalimia. Majirani walikuwa wamesimama kwenye milango yao. Bi Zuhura alikuwa amekonda, ushungi umemzidi uso. Wasichana wake wawili walikuwa wanapokezana vitu.

"Karibuni," akatuambia. "Nimewang'ang'ania nyinyi kwa sababu hamkuvunja hata kikombe. Na mlinijibu vizuri nilipouliza."

Nikapanda juu ya gari, nikaanza kupanga. Vyombo vilikuwa vichache, nikavimaliza upesi. Alipanda yeye mwenyewe kukaa juu ya sanduku lake, na mimi nikawa nafunga kamba karibu na miguu yake. Akaanza kuzungumza. Nadhani hakuwa amezungumza na mtu mzima siku nyingi.

"Najiuliza ile mara ya mwisho nilianika siku ngapi," akasema. "Nilihesabu, si unajua mimi huhesabu. Lakini nadhani kulikuwa na siku mbili za mawingu. Siku mbili zile nilizihesabu pia, kumbe jua halikutosha. Au maji. Pengine niliyatoa majini mapema, nilikuwa na haraka ya safari. Ni moja kati ya hayo. Nimewaza sana, kaka, ni moja kati ya hayo mawili."

Mikono yangu ikasimama kwenye fundo.

"Bakari alisema ugali una ladha mbaya," akaendelea. "Nikamwambia kula. Nilimlazimisha."

Nikamwambia. Sikupanga maneno. Nilisema haikuwa mawingu, dada, wala haikuwa maji. Haikuwa saruji. Jumanne ile tulibeba dawa ya kuua wadudu, mifuko ilipasuka, sikuosha, nilifagia. Makopa yako yalikuwa mazima. Ni mimi.

Alinitazama. Sikuona hasira usoni mwake. Niliona anahesabu, anarudi nyuma siku moja moja, anazitoa zile siku za mawingu, anayatoa maji, mpaka akafika pale uwanjani kwetu, kwenye jamvi.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Nikatoa na jamvi."

"Ndiyo, dada."

"Teremka ukamwambie Hamisi. Sema kwa sauti, wote wasikie."

Nikateremka. Nilitembea pale kwenye matope, hatua kama ishirini tu, na mpaka leo ndio mwendo mrefu kuliko wa Dar es Salaam. Mfaume aliniona ninakokwenda, akainamisha kichwa kwenye usukani. Nikasimama mbele ya baraza, nikasema yote, na majirani wakasogea. Hamisi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Miezi minne," akasema. "Na umekuwa unapita hapa kuchukua korosho zetu."

"Ndiyo."

Nilidhani atanipiga. Nilitamani anipige. Akasimama, akapita pembeni yangu kama sipo, akaenda mpaka kwenye gari. Akashika ubavu wa gari kwa mikono miwili, akamtazama dada yake pale juu.

"Zuhura," akasema. "Dada yangu, shuka. Turudishe vyombo ndani."

"Ulinisimamisha kwenye uwanja huu huu," Bi Zuhura akamjibu, na sauti yake haikupanda. "Ukaniita muuaji, na kaburi la mwanangu halijakauka. Mkeo akawakataza wanangu wasiguse chungu. Miezi minne, Hamisi. Hukuniuliza hata siku moja niliyatengenezaje, na wewe umekula makopa ya mikono yangu toka mdogo. Huyu ni mtu wa gari, hanijui. Wewe ulikuwa unanijua."

Hamisi akaanza kulia. Mwanamume mzima, kanzu imeingia matope. Bi Zuhura akageuka akatazama mbele.

"Dereva," akasema, "washa gari."

Mtaniuliza kuhusu polisi. Nilikwenda mwenyewe siku iliyofuata. Waliandika maelezo yangu, wakamwita Mfaume, akasema hakumbuki mifuko kupasuka. Wakamwita tajiri, akasema yeye hajui habari za kufagia. Makopa yalishatupwa, watoto walishazikwa, na mganga alishasema la kwake. Niliitwa mara tatu, halafu sikuitwa tena. Tajiri alinifukuza, nikapata kazi ya getini bandarini, nikakaa huko mpaka nilipostaafu. Kwa hiyo msidhani niliadhibiwa. Na msiniambie kwamba nilikiri, nimefanya vizuri. Nilikiri baada ya mwanamke kujihukumu siku mia na zaidi kwa kosa langu.

Ninachowaomba ni kidogo. Chakula chenu kibebeni wenyewe, msikichanganye na mzigo. Swali la jana gari lilibeba nini liulizeni kwa dereva peke yake, kisha kwa kuli peke yake, kisha kwa mwenye duka jirani, muone kama majibu yanafanana. Na mkitoa jamvi, tandikeni. Mtu akiwaambia mmwachie kazi yake, hata kama ana mvi za kutosha na sifa ya kutovunja, tandikeni hivyo hivyo.

Siku ile tulifika Likombe alasiri, mvua imekatika. Mfaume aliegesha mbele ya nyumba ya Bi Zuhura, akazima gari, akabaki kwenye usukani. Bi Zuhura alifungua kufuli. Mimi nilipanda juu, nikafungua kamba kama kawaida, nikashika kinu ili nikishushe, maana ndicho kizito.

"Weka chini," akaniambia.

Nikadhani anaogopa nitakidondosha. Nikasema hapana dada, nimekishika vizuri.

"Nimesema weka chini. Hakuna kitu changu utakachokigusa tena. Shuka."

Nikakiweka, nikashuka. Akapanda yeye na binti yake mkubwa, mdogo akabaki chini kupokea. Wakashusha sanduku. Wakashusha kitanda, wakakikwamisha kwenye ubavu, wakakigeuza, wakakishusha. Kabati liliwashinda mara mbili, nikasogea, akanitazama, nikarudi nilipokuwa. Majirani walianza kutoka. Mzee mmoja akaniuliza kwa nini mwanamume mwenye nguvu zake amesimama, mjane na watoto wanabeba kabati. Bi Zuhura aliendelea kubeba.

Kapu la vikombe lilikuwa la mwisho. Binti mdogo alilidondosha mlangoni, vikavunjika karibu vyote. Mama yake akainama naye, wakaokota vipande kimoja kimoja, na mimi nimesimama palepale kando ya gari mpaka walipomaliza wakafunga mlango.